Waliorudi Thika

Kituo cha utafiti cha Thika kilipata uzoefu wake katika jaribio lililoshindwa. Kuanzia 2004, watu wa Thika na vitongoji vyake walikuwa miongoni mwa jozi 3,408 za wapenzi, kutoka nchi saba za Afrika, walioingia katika utafiti wa dawa ya malengelenge ya sehemu za siri iitwayo asikloviri. Katika kila jozi mmoja alikuwa na virusi vya ukimwi na mwenzake hana. Hoja ilikuwa nzuri kwenye karatasi: vidonda vya malengelenge huvifungulia njia virusi vya ukimwi, kwa hiyo ukivizuia vidonda, njia itazibika. Vidonda vilipungua kweli, tena sana. Maambukizi hayakupungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na kwa mtu aliyemeza vidonge asubuhi na jioni kwa miezi, habari ilikuwa fupi: asante, haikufaa.

Lakini Thika haikubaki mikono mitupu. Kulikuwa na wauguzi waliojua kuzungumza na mume na mke wenye majibu tofauti ya kipimo bila nyumba kuvunjika. Kulikuwa na majokofu, mafaili na wahudumu waliojua ploti gani iko nyuma ya duka gani. Zaidi ya yote, kulikuwa na watu waliozoea kurudi kliniki siku waliyoambiwa. Mwaka 2008 ukaanza utafiti mwingine, Partners PrEP, wa vidonge vya kumkinga asiye na virusi vya ukimwi, uliokuwa na vituo vinne Kenya (Thika, Nairobi, Kisumu na Eldoret) na vitano Uganda. Jozi 4,747 zilifuatiliwa. Julai 2011 vidonge vya bandia vilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno: kidonge chenye dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75, na chenye dawa moja kwa asilimia 67. Mwaka 2017 Kenya ilianza kutoa PrEP kwa umma. Kijana wa Mwiki, mtaa wa Ruiru, anayeiomba leo katika kituo cha afya anameza kitu ambacho ushahidi wake ulipatikana kwa sehemu mjini Thika, mwendo wa matatu kutoka Githurai.

Vitabu vya sayansi hupenda kuanzia maabara, kwenye hadubini na koti jeupe. Mimi naanzia kwa watu waliorudi, kwa maana naamini ndio kifaa adimu kuliko vyote. Hadubini hununuliwa. Msichana wa miaka 17 anayekubali kurudi kliniki mwaka wa pili na wa tatu, ilhali haumwi popote, hanunuliki. Na utafiti wa tatu wa Thika, ambao ndio kiini cha sura hii, ulisimama juu ya wasichana wa aina hiyo.

Kwanza tumjue adui.

Saratani ya mlango wa kizazi huanza kama ugonjwa wa kuambukiza. Karibu visa vyake vyote vinatokana na virusi vya HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70. Nchini Kenya, makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya wapatao 5,200 kwa mwaka na vifo vipatavyo 3,200. Mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi ana hatari mara sita zaidi ya mwenzake, ndiyo maana haishangazi kwamba watu waliofundwa na utafiti wa ukimwi ndio walioishughulikia saratani hii.

Ngozi laini inayofunika mlango wa kizazi ina matabaka, na tabaka la chini kabisa ni kama kitalu cha miche. Humo mna seli shina, seli chache zenye kazi moja maalumu: kujigawa maisha yote. Seli shina ikigawanyika, mmoja wa watoto wake hubaki chini kuendeleza ukoo. Mwingine hupanda juu, akikomaa na kubapa kadiri anavyopanda, hadi anapobanduka na kupotea. Kirusi kikitua juu ya ngozi nzima hakina maisha, kwa sababu seli iliyokibeba itabanduka nacho baada ya muda mfupi. HPV hupenya kwenye mikwaruzo midogo isiyoonekana, ile ya kawaida ya tendo la ndoa, na kushuka hadi chini. Kikiingia ndani ya seli ambayo haibanduki, kimepata makazi.

Kikishaingia hakina haraka. Hakiui seli, hakisababishi homa, hakiingii kwenye damu. Hujinakili kidogo kidogo huko chini, kisha huacha seli zinazopanda zikibebe hadi juu, na huko ndiko kinapotengeneza virusi vipya vya kuambukiza wengine. Askari wa mwili hupita karibu wasione dalili ya vita. Hata hivyo mara nyingi mwili hushinda: maambukizi mengi hutoweka ndani ya miaka miwili. Hatari iko kwa yale yasiyotoweka. Kirusi kinachokaa muda mrefu hutoa protini mbili, E6 na E7. Ya kwanza huharibu p53, protini inayoiamuru seli iliyoharibika ife. Ya pili huishika protini iitwayo Rb, ambayo ndiyo breki ya kugawanyika. Seli isiyojua kufa wala kusimama huweza kuwa saratani baada ya miaka kumi, ishirini, au zaidi.

Mwaka 2012 watafiti wa Boston, akiwemo Christopher Crum, walionyesha kwamba saratani hii huelekea kuanzia kwa kikundi kidogo cha seli zilizo mpakani, pale ngozi ya nje ya mlango wa kizazi inapokutana na utando wa ndani. Kwa msichana aliyebalehe karibuni mpaka huo huwa umesogea nje na seli zake zinabadilika kwa kasi, kwa hiyo maambukizi humpata kwa urahisi. Umri ambao wazazi wengi wa Mwiki wangependa kuamini kwamba jambo hili bado halimhusu binti yao ndio umri ambao mlango wake wa kizazi uko wazi kwa kirusi.

Aliyethibitisha uhusiano wa HPV na saratani hii ni Mjerumani Harald zur Hausen. Kundi lake liliitambua aina ya 16 mwaka 1983 na ya 18 mwaka uliofuata, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Aina ya 18 waliikuta pia ndani ya seli za HeLa, zile maarufu kuliko zote duniani, zilizotoka kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi mwenye watoto watano aliyefariki Oktoba 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Seli zake zimejigawa maabarani tangu hapo, zimejenga taaluma na utajiri wa watu wengi. Yeye hakuombwa ruhusa. Jambo hilo nitalirudia punde, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini fomu ya ridhaa inayosainiwa Thika ina kurasa nyingi hivyo.

Chanjo ilitokana na ugunduzi wa Ian Frazer na Jian Zhou, waliofanya kazi Brisbane, Australia. Mwaka 1991 walionyesha kwamba protini ya ganda la HPV inaweza kujipanga yenyewe na kuwa ganda tupu, lisilo na chembe za urithi ndani. Kwa umbo ni kirusi, lakini ndani hamna kitu. Haliwezi kuambukiza, wala haliwezi kuleta saratani. Ila sura yake ya protini ile ile iliyojirudia mamia ya mara huushtua mwili kuliko chanjo nyingi. Mwaka 2006 chanjo ya kwanza iliidhinishwa, kwa dozi tatu. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema mbili zinatosha kwa wasichana wasiofikisha miaka 15.

Moja je?

Dokezo lilitoka Costa Rica, tena kwa bahati. Katika jaribio lililoanza huko mwaka 2004, baadhi ya wanawake hawakumaliza dozi tatu, mathalani kwa sababu walishika mimba katikati ya ratiba. Watafiti walipohesabu, wakakuta waliopata dozi moja tu nao wamelindwa. Ripoti ya mwaka 2011 ilizua mjadala, na wenye mashaka walikuwa na haki. Anayeacha dozi hafanani lazima na anayemaliza. Huenda maisha yake ni tofauti, huenda hatari yake ni tofauti. Ili swali lifungwe, ilibidi watu wagawanywe kwa kura, na dozi moja ipimwe dhidi ya kutopata dozi yoyote.

Kazi hiyo ilifanywa Kenya. Utafiti uliitwa KEN SHE, na viongozi wake walikuwa Nelly Mugo na Elizabeth Bukusi wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba Kenya, KEMRI, pamoja na Ruanne Barnabas, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Fedha zilitoka kwa wakfu wa Gates. Vituo vilikuwa vitatu: Kisumu, Nairobi na Thika. Mugo, daktari wa magonjwa ya wanawake na mtaalamu wa epidemiolojia, alikuwa mwenyeji wa Thika tangu enzi za utafiti wa jozi.

Kuanzia Desemba 2018 waliandikishwa wasichana na wanawake 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20, walioanza kujamiiana lakini wakiwa na wapenzi wasiozidi watano maishani, wasio na virusi vya ukimwi. Zaidi ya nusu walikuwa na miaka 15 hadi 17. Hebu tusimame hapo. Msichana wa miaka 16 kisheria ni mtoto, na mzazi lazima atie saini. Lakini sharti la kuingia ni kwamba ameshafanya jambo ambalo, katika nyumba nyingi za Kiambu, mzazi hataki kulisikia. Muuguzi anayeketi na mama na binti yake katika chumba kimoja anapaswa kueleza utafiti wote kwa ukweli, apate saini ya mama na kauli ya binti, kisha azungumze na binti peke yake na kumlindia siri. Ukimdanganya mama, utafiti umekufa. Ukimfichua binti, pia umekufa. Kazi hiyo haionekani kwenye jedwali lolote la matokeo, na kwangu ni ngumu kuliko kupima DNA.

Kura iliwagawa katika makundi matatu: 760 walipata chanjo ya HPV inayolenga aina mbili, 758 inayolenga aina tisa, na 757 chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Hiyo ya tatu ilikuwa ya ulinganisho, ila angalau ilimpa msichana kinga ya kitu fulani badala ya maji ya chumvi. Hakuna msichana aliyejua amechomwa ipi. Baada ya hapo ikawa ni kurudi. Kipimo chenyewe ni kijiti chenye pamba kwenye ncha, kinachozungushwa na kutiwa kwenye kichupa. Kwa baadhi ya ziara msichana alijichukulia sampuli mwenyewe, kwa nyingine muuguzi aliichukua kwenye mlango wa kizazi. Hakuna aliyengoja saratani itokee, maana ingechukua miaka mingi na pangekuwa na kosa kubwa la kimaadili. Kilichotafutwa ni maambukizi sugu: aina ile ile ya kirusi kuonekana katika vipimo viwili mfululizo vilivyopishana kwa miezi isiyopungua minne.

Katikati ya kurudi huko korona ikaingia. Shule zilifungwa Machi 2020. Tarehe 6 Aprili serikali ilizuia watu kuingia na kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake, na mpaka wa kaskazini uliwekwa kwenye daraja la mto Chania, pale pale Thika. Ruiru yote, pamoja na Mwiki, ilikuwa ndani. Aliyekuwa Murang'a, ng'ambo ya mto, alikuwa nje. Nauli za matatu zilipanda kwa sababu abiria walipunguzwa. Familia zilizokosa vibarua ziliwapeleka watoto mashambani kwa nyanya zao. Utafiti wowote uliotegemea wasichana kufika kliniki kwa tarehe ulikuwa na kila sababu ya kusambaratika. Kufikia mwezi wa 18, asilimia 98 walikuwa bado ndani. Nimesoma majaribio ya nchi tajiri ambayo yangefanya karamu kwa nusu ya uaminifu huo.

Matokeo yalichapishwa Aprili 2022, na hesabu yake haihitaji digrii. Maambukizi sugu ya aina ya 16 au 18 yalikuwa 38. Katika kundi la chanjo ya aina mbili, moja. Katika kundi la chanjo ya aina tisa, moja. Katika kundi la homa ya uti wa mgongo, 36. Kinga ya asilimia 97.5 kwa sindano moja. Baada ya miaka mitatu ilikuwa haijashuka: asilimia 97.5 kwa chanjo ya aina mbili, 98.8 kwa ile ya aina tisa.

Hao 36 wanastahili kutajwa kwa zaidi ya namba. Ni wasichana waliopata kirusi cha hatari huku wakifuatiliwa na wataalamu waliokuwa na chanjo kwenye jokofu. Je, ilikuwa haki? Jibu langu ni ndiyo, ila si jepesi. Utafiti ulipoanza Kenya haikuwa na chanjo hiyo katika mpango wa kitaifa. Ilipoanzishwa Oktoba 2019, Rais Uhuru Kenyatta akiizindua Mombasa, ililenga wasichana wa miaka 10. Wa miaka 17 hakuwa na mahali pa kuipata bila kulipa. Kundi la ulinganisho halikunyimwa kitu ambacho lingekipata nje, na baadaye lilichanjwa HPV kama wenzao. Tofauti na Henrietta Lacks, waliombwa, wakaelezwa, na walikuwa huru kujitoa. Bado, tunachokijua kuhusu dozi moja tunakijua kwa sababu kuna walioambukizwa mahali pa wengine.

Mwezi huo huo wa Aprili 2022 jopo la wataalamu wa chanjo wa WHO lilisema dozi moja inatosha kwa wasichana, na Desemba shirika lenyewe likaandika hivyo rasmi, isipokuwa kwa wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na virusi vya ukimwi, ambao bado wanahitaji mbili au tatu. Tanzania, ambako utafiti mwingine wa Mwanza ulikuwa umepima kingamwili za wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ilihamia dozi moja Aprili 2024. Kenya ilifuata 2025. Inaniuma kidogo kwamba nchi iliyotoa wasichana 2,275 haikuwa ya kwanza kufaidi.

Faida yenyewe inaonekana vizuri zaidi Mwiki kuliko kwenye jarida lolote. Mwiki ya Ruiru (kuna nyingine upande wa Kasarani, na mpaka wa kaunti huujui mpaka uulize) ni mtaa wa wapangaji. Kodi ikipanda watu huhamia Mwihoko au Githurai. Baba akipata kazi Athi River, mtoto hubadili shule katikati ya muhula. Ratiba ya dozi mbili iliyopishana miezi sita ilimtaka mtoto awe mahali pamoja, shule moja, kadi ileile mkononi mwa mama. Wasichana waliochanjwa mwishoni mwa 2019 walitakiwa wapate ya pili karibu Aprili 2020, wakati shule zimefungwa. Dozi moja ni nusu mililita ya kimiminika cheupe kama maji ya mchele, mkono wa juu, na mtoto amemaliza. Ili msichana wa Mwiki asilazimike kurudi, ilibidi wasichana wengine warudi miaka mitatu.

Hofu haijaisha kwa sababu takwimu zimepatikana. Swali ambalo muuguzi husikia zaidi halihusu dozi.

"Daktari, hii haitamfunga mtoto wangu asizae?"

"Hapana, mama. Inamlinda hapo hapo atakapozalia."

Hofu hiyo ina historia. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walidai chanjo ya pepopunda imetiwa kitu cha kuzuia uzazi, na mwaka 2019 chama cha madaktari Wakatoliki kilipinga hii ya HPV. Mama aliyekuwa kanisani miaka hiyo hawezi kulaumiwa kwa kukumbuka. Anayemjibu vizuri ni mtu anayemjua, na hapo ndipo wahudumu wa afya ya jamii, wanaojua milango ya ploti kwa majina ya watoto, wanafaa kuliko tangazo la redio.

Chanjo, hata hivyo, haimsaidii mama huyo mwenyewe. Haiondoi kirusi kilichokwisha kaa kwenye seli shina. Mwenye miaka 35 leo anahitaji kipimo, na WHO linalenga wanawake wapimwe wafikapo 35 na tena wafikapo 45. Kijiti cha pamba ni kile kile cha KEN SHE, naye anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia. Kukikutwa mabadiliko ya mapema, eneo la mpakani huchomwa kwa joto kwa dakika chache, katika kituo cha afya, bila kulazwa. Ugonjwa ukishasonga mbele, safari ni ya mionzi na dawa kali, na kwa mtu wa Mwiki mara nyingi ni ng'ambo ya barabara kuu ya Thika, kwenye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Dawa ya kumeza itakayoingia kwenye tabaka la chini na kukifukuza kirusi bila kuiua seli shina haijapatikana. Maabara kadhaa duniani zinaitafuta, na siku moja mtu ataleta kidonge kinachoonekana kizuri kwenye karatasi, kama asikloviri ilivyoonekana mwaka 2004. Kitahitaji kupimwa kwa watu watakaokubali kumeza wasijue wamemeza nini, na kurudi.